Niko Hapa Kama Nani

Habari kwamba Chepngeno amerudi zilimfikia Nyathira akiwa dukani kwake Kaplong, akimpimia mteja chumvi ya ng'ombe. Aliyezileta alikuwa Janeffer, dada mdogo wa Bethwel, na hakuwa na haraka ya kuzisema. Kwanza alinunua dawa ya kupe. Akauliza habari za Tabby, mtoto wa Nyathira. Akaegemea kaunta mpaka mteja akaondoka na mfuko wake, ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba amemwona Chepngeno pale stejini akishuka na mkoba wake.

"Chepngeno gani?" Nyathira akauliza, ingawa alijua.

"Si yule wetu," Janeffer akasema, halafu akajishika mdomo. "Namaanisha yule wa zamani. Yule wa Bethwel."

"Amekuja kufanya nini?"

"Sijui. Lakini amenenepa vizuri. Amependeza."

Janeffer alipotoka, Nyathira alibaki amesimama na kijiko cha chumvi mkononi. Yule wetu. Huu ulikuwa mwaka wa saba akikaa katika boma lile, akipika katika jiko lile, akilea mtoto wa boma lile, na hakuwahi kusikia mtu akimwita yeye wetu.

Nyathira alikuwa mzaliwa wa Kaplong. Baba yake, Mbuthia, alikuja kutoka Murang'a akiwa kijana wa kuuza viazi, akapapenda, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akazeekea hapo hapo. Nyathira naye alisomea mambo ya mifugo, akafungua agrovet, duka la dawa za mifugo, upande wa pili wa barabara. Hapo ndipo Bethwel alipomkuta. Alikuja siku moja kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amevimba kiwele. Akapewa dawa, ng'ombe akapona, lakini yeye akaendelea kuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye shamba dogo la majani chai na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa na kicheko cha polepole kilichomfanya mtu angojee kimalizike. Mwaka uliofuata Nyathira alipakia nguo zake na meko ya gesi kwenye pikapu, akahamia kwake.

Hakukuwa na sherehe. Watu wa huko wanaita kamwistei, njoo tukae, na wanalitamka neno hilo kwa tabasamu la upande mmoja. Bethwel alimweleza sababu, na Nyathira akaiamini. Alisema aliwahi kuoa. Koito, sherehe ya posa na mahari, ilifanywa, wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakala, wakakubaliana, na Chepngeno akaishi naye miaka michache kisha akaondoka. Lakini mambo hayo hayakuwa yamefungwa.

"Watu wake ni wagumu," alimwambia. "Wakimaliza, nitakuja kwa mzee wako na watu wangu. Wewe ngoja mambo ya nyumbani yaishe."

Nyathira akangoja. Mwanzoni kungoja hakukuwa na uzito. Jumamosi walichuma majani pamoja wakishindana nani atajaza kikapu kwanza, na Tabby alipozaliwa Bethwel alilia pale wodini bila kuona haya. Lakini mambo madogo yakaanza kumchoma. Kanisani, akina mama wenye sare zao walimwachia nafasi kwenye benchi la nyuma, kwa upole kabisa, na hakuna aliyemwalika mbele. Mbuthia hakuwahi kukanyaga kwa Bethwel. Akitaka kumwona mjukuu alikuja agrovet, akasema hawezi kwenda kutembelea watu ambao hawajawahi kuja kwake kumwomba chochote. Na Jerusa, mama ya Bethwel, mwanamke mwema aliyempenda Tabby sana, wageni wakija alimtambulisha Nyathira kwa maneno yale yale: "Huyu ni mama ya mtoto wa Bethwel."

Kesho yake, baada ya Janeffer kuleta habari ile, Nyathira alifunga duka mapema. Alimkuta Chepngeno jikoni kwa Jerusa, amekaa kwenye kile kigoda cha karibu na moto ambacho Nyathira alikuwa akikikalia siku zote. Mkononi alikuwa na kikombe cha mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na Jerusa alikuwa akicheka mpaka anajifuta macho. Jerusa si mtu wa kucheka ovyo.

"Chamgei," Chepngeno akasema, akasimama na kumpa mkono. "Wewe ndiye Nyathira."

"Mising. Karibu."

Alijisikia akimkaribisha mtu ambaye hakuhitaji kukaribishwa. Chepngeno alijua sukari inawekwa wapi. Alijua mlango wa jiko lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunge. Alipotoka kunawa mikono alipita kando ya ua wa misaiprasi, akaushika mti mmoja kama mtu anayemshika bega rafiki, akasema, "Hii nilipanda mimi. Ilikuwa kama kidole." Miti ile ilikuwa imepita paa la nyumba. Nyathira alikuwa akianika nguo za mtoto kwenye ua ule miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia ni mkono wa nani ulioupanda.

Bethwel alirudi kutoka kupeleka maziwa. Alipomwona Chepngeno hakushtuka, jambo ambalo lilimshtua Nyathira. Aliingia nyumbani kwanza, akatoka amebadilisha shati. Kisha yeye na Chepngeno wakatembea mpaka kwenye majani chai, wakasimama katikati ya mistari, wakazungumza.

Nyathira akaenda uani kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Walizungumza Kikipsigis cha haraka, na yeye alijua kile cha sokoni tu: bei, ng'ombe, mvua, na kongoi ya kushukuru. Alinasa neno moja, *ka*, nyumbani. Chepngeno alilirudia. Bethwel alichuma jani, akalisaga kwa vidole, akalitupa, akachuma jingine. Hakuwa anazungumza sana. Alikuwa anamtazama. Nyathira alijaribu kukumbuka mara ya mwisho Bethwel alipomtazama yeye namna ile, bila kuhamisha macho, na hakuikumbuka.

Chepngeno alipoondoka, aliuliza, "Anataka nini?"

"Mambo ya zamani tu."

"Zamani gani?"

"Nyathira, wacha kusumbuka. Huyo haendi mahali."

Alidhani Bethwel amekosea Kiswahili, kwamba alitaka kusema huyo harudi hapa. Hakumrekebisha.

Tangu siku hiyo wivu ulimkalia kama homa. Bethwel akienda kuoga, Nyathira alishika simu yake. Alikuta namba ya Chepngeno haina hata ujumbe mmoja, na badala ya kutulia akaamini ujumbe umefutwa, akaifungia ile namba isiweze kupiga. Alianza kuitazama nyumba kwa macho mapya. Sufuria ile kubwa, ilinunuliwa na nani? Vitambaa vya makochi, vilishonwa na nani? Alijitazama kwenye kioo cha dukani kati ya mteja na mteja, akaona uso wake, akauona mzuri, halafu akakumbuka maneno ya Janeffer, amenenepa vizuri, amependeza, akageuka.

Kilichomshinda kabisa kilikuwa kitanda. Kilikuwa cha mbao nzito, cha zamani kuliko yeye katika nyumba ile. Asubuhi moja Bethwel akiwa kituoni kupimisha majani, alichukua spana, akakifungua kipande kwa kipande, akazitoa mbao nje na kuziegemeza kwenye ukuta wa zizi. Bethwel alirudi akazikuta, akasimama, kisha akaanza kucheka kile kicheko chake cha polepole.

"Kumbe unaweza kuwa na wivu hivi?"

"Nataka kitanda kingine."

"Utapata kitanda. Aki, Nyathira." Akatingisha kichwa, na Nyathira aliona wazi kwamba amefurahi. Hakukasirika, hakuona aibu. Alifurahi kama mtu aliyesifiwa. Kwa siku kadhaa alikuwa mchangamfu, akamletea ndizi kutoka Sotik, akawa anapiga mluzi akikama. Nyathira alizila zile ndizi na hazikuwa na ladha.

Siku ya soko, Chepngeno aliingia agrovet. Duka lilikuwa limejaa. Wanaume wawili walikuwa wakinunua mbegu, na mama mmoja wa kanisani, Mellen, alikuwa akingojea dawa ya minyoo.

"Nyathira, naweza kuongea na wewe kidogo? Pale nyuma."

"Ongea hapa."

"Si mambo ya hapa."

"Kwani ni mambo ya wapi? Ya kwenye majani chai?" Sauti yake ilipanda na hakuizuia. "Uliacha mtu ukaenda zako. Sasa umesikia anakula vizuri, ana mtoto, umerudi na mdomo umepaka rangi. Huna haya? Toka kwa duka yangu."

Wanaume wale waliinamia mbegu zao. Mellen alitazama dari. Chepngeno hakujibu tusi kwa tusi. Macho yake yalilowa, akayakausha kwa kiganja, akasema taratibu, "Sawa. Siku ukitaka kuniskia, niko kwa dada yangu Siongiroi. Ana hoteli karibu na soko ya ng'ombe." Akatoka.

Kwa muda mfupi Nyathira alijisikia mshindi. Alihesabu chenji ya Mellen mara mbili.

Maneno ya sokoni hufika mlimani, kwa kina Bethwel, kabla ya aliyeyasema. Aliporudi, Jerusa alikuwa anamngoja mlangoni mwa jiko, na hakumkaribisha ndani.

"Nyathira, ni kweli umetusi Chepngeno mbele ya watu?"

"Mama, anataka kunichukulia Bethwel."

Jerusa alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Nani amekuambia hivyo?"

"Si nimeona? Anakuja hapa, anaongea na yeye huko kwa majani..."

"Anaomba aachiliwe," Jerusa akasema. "Ndiyo hiyo tu amekuwa akikuja kuomba. Alikuja mwaka jana ukiwa kazini. Akaja mwaka mwingine, nikamsindikiza akilia. Anataka Bethwel aende kwa baba yake aseme imekwisha, ndiyo aolewe na mtu mwingine. Bethwel anakataa."

"Bethwel?"

"Sasa ni nani mwingine?"

"Aliniambia ni watu wake ndio wagumu."

Jerusa alikaa kwenye kizingiti. Alionekana mzee ghafla. "Mimi nilidhani unajua," akasema. "Mnalala nyumba moja."

Asubuhi iliyofuata Nyathira hakufungua duka. Alipanda bodaboda mpaka Siongiroi. Ile hoteli hakupata shida kuiona, kibanda cha mabati chenye moshi, na Chepngeno ndani yake akikata sukuma. Alipomwona Nyathira hakuweka kisu chini.

"Nilikukosea," Nyathira akasema.

"Ulinikosea."

"Naomba unisamehe."

"Hiyo nitafikiria," Chepngeno akasema, akaendelea kukata. Lakini baada ya muda alisukuma kiti kwa mguu, Nyathira akakaa, na akamimina chai vikombe viwili.

Akamweleza. Anaishi Sigor na mwanaume anayeitwa Seth, fundi wa kujenga kwa mawe. Miaka mitano. Hawajaoana, kwa sababu hawawezi. Baba yake Chepngeno alikaa na watu wa Bethwel, akala nao, akawapa binti yake mbele ya wazee, na sasa anasema hatapokea watu wa Seth mpaka Bethwel aje, mbele ya wazee wale wale, aseme kwa mdomo wake kwamba amemwachilia. Pasta wao pia hataki kuwafungisha ndoa kabla baba hajakubali.

"Hata mimi ni kamwistei, kama wewe," akasema. "Wakati wa arusi ya wengine huwa nawekwa kwa jikoni. Seth amechoka. Hasemi, lakini naona. Mara ya mwisho Bethwel aliniambia, nikikuachilia, huyo fundi atanicheka."

Nyathira alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kwa nini uliondoka kwake?"

"Hakunipiga, usifikirie hivyo. Ni vile alikuwa ananichunga. Nikienda mtoni, niliongea na nani. Nikichelewa sokoni, anatoka kunitafuta na tochi. Nikicheka na mtu kanisani, siku tatu hakuna maneno nyumbani. Nilikuwa nashindwa kupumua."

Hapo Nyathira akahisi jambo ambalo alilionea aibu hata kabla halijakamilika moyoni. Bethwel hajawahi kumuuliza yeye alizungumza na nani. Yeye anauza dawa kwa wanaume mchana kutwa, anarudi giza likiingia, na Bethwel anamuuliza tu kama amekumbuka mkate. Alikuwa akisifia tabia hiyo kwa watu, akiiita kuaminiana. Sasa, akiwa amekaa mbele ya mwanamke aliyekimbia kuchungwa, alimwonea wivu hata kwa kule kuchungwa. Alitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Na katikati ya hayo akaelewa lile neno la Bethwel: huyo haendi mahali. Hakuwa amekosea Kiswahili.

Alimkuta Bethwel zizini, amechuchumaa, ndoo iko kati ya magoti.

"Nimetoka Siongiroi," akasema.

Mikono ya Bethwel ikasimama, kisha ikaendelea.

"Ni wewe umekataa. Miaka yote hii ni wewe."

"Hujui ile kitu alinifanyia," Bethwel akasema bila kugeuka. "Aliniacha mchana, majirani wakiona. Nikabaki hapa nikikama, watu wanapita kwa barabara polepole ndiyo wanione vizuri. Sasa anataka nisimame mbele ya wazee nimpatie huyo fundi na mkono wangu?"

"Ndiyo."

"Seth atacheka."

"Wacha acheke! Mimi nimechekwa kila Jumapili. Baba yangu amechekwa. Na kumbe ni wewe ulikuwa unawapatia watu cha kucheka."

"Nyathira, hiyo ni mambo yangu na Chepngeno. Haikuhusu."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, hata yeye aliacha kukama.

"Mambo yako na Chepngeno," Nyathira akarudia.

"Sikusema hivyo. Wewe uko hapa. Unakosa nini hapa?"

"Niko hapa kama nani?"

Bethwel alisimama. Ng'ombe alirusha mkia ukampiga shavuni na hakuupangusa uchafu. Nyathira aliona anatafuta, kweli anatafuta, na kwa muda ule mfupi alimwonea huruma.

"Wewe ni mama Tabby," akasema mwishowe.

Nyathira akaitikia kwa kichwa. Hakupiga kelele, na baadaye alishangaa kwamba hakupiga. Aliingia nyumbani, akakusanya nguo zake na za mtoto. Ni Jerusa aliyemsaidia kufunga godoro kwa kamba, na ni Jerusa aliyembeba Tabby mpaka barabarani. Pikapu ilipokuja, Jerusa alimshika Nyathira kichwa kwa mikono yote miwili, akamwachia.

Nyuma ya agrovet kulikuwa na chumba cha kuwekea magunia. Nyathira alihamisha magunia mbele, akakifagia, akakaa humo na Tabby. Mbuthia alikuja asubuhi akiwa amevaa kofia yake ya kanisani. Alikitazama chumba, godoro, sufuria, dirisha moja. Nyathira alijiandaa kusikia nilikuambia. Mzee akatoka, akavuka barabara, akarudi na nyundo na misumari, akamtengenezea rafu. Alipomaliza akasema, "Hapa utaweka vikombe," akaenda zake.

Bethwel alikuwa akipita kila asubuhi na maziwa ya Tabby. Aliyaweka kwenye kaunta, akamnyanyua mtoto, akasimama kidogo. Nyathira alimsalimia vizuri kama anavyowasalimia wateja. Watu wakadhani hajali, lakini Bethwel akishaondoka alitoka mlangoni kuangalia pikipiki imeelekea upande gani, wa nyumbani au wa Siongiroi. Aliamka akijiuliza kama sasa, yeye akiwa hayupo, Chepngeno amekaa tena kwenye kigoda kile. Alijua si kweli, lakini aliwaza hivyo kila asubuhi. Alimkumbuka Bethwel mwenyewe pia, harufu ya majani mabichi kwenye sweta lake. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Mvua ndefu ilianza ikaisha. Majani yakachipua hata watu wakashindwa kuyamaliza. Ndipo Jerusa alipokuja dukani siku moja amevaa vizuri, akaketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, akasema, "Amesema."

Nyathira aliacha alichokuwa akifanya.

Walikwenda jana, Jerusa akaeleza, yeye na Bethwel na Benard, mjomba wa Bethwel, mpaka kwa baba yake Chepngeno. Wazee walikuwepo. Chepngeno alikuwepo, na huyo Seth alikuwa amesimama nje karibu na geti kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Bethwel aliitwa aseme. Alisimama. Kisha akasema: huyu mtu alikuwa wangu, sasa si wangu, nimemwachilia, asizuiwe na mtu kwa sababu yangu.

"Chepngeno alilia. Na mimi nililia, siwezi kukuficha."

"Na Seth?"

"Alikuja, akampatia Bethwel mkono. Hakucheka. Kijana mwenyewe ni mwoga."

Siku iliyofuata Bethwel alileta maziwa kama kawaida, lakini hakuondoka. Alisubiri wateja waishe.

"Mama amekuambia."

"Ameniambia."

"Nilitaka nikuambie mimi."

"Basi niambie. Iliuma?"

Bethwel alitazama chupa za dawa nyuma yake, kisha akamtazama yeye. "Iliuma," akasema. "Mpaka tumbo. Nilikuwa nafikiria nikisema itakuwa rahisi, haikuwa rahisi."

Jibu hilo lilimchoma Nyathira kuliko matusi, na bado lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake ambalo hakulitilia shaka.

"Bado unampenda?"

"Sijui kama ni kupenda. Nilikuwa nimefunga mlango na mtu hakuwa ndani. Wewe ulikuwa ndani. Nikaona umebeba godoro."

"Nenda nayo kwanza hiyo maumivu," Nyathira akasema. "Usiniletee hapa. Ikiisha, usikuje kwa hii duka. Enda kwa baba."

Chepngeno na Seth walifunga ndoa Sigor, kanisani, mwezi wa nane. Kadi ya mwaliko ilimfikia Nyathira, akaenda na Tabby. Bethwel hakwenda. Nyathira alikaa nyuma, akamwona Chepngeno akipita katikati ya viti, gauni jeupe limemkaa vizuri, na akina mama wakipiga vigelegele, na wivu ukampanda tena, lakini sasa ulikuwa wivu wa kawaida, wa gauni na vigelegele, wa kupita katikati ya watu wakikutazama bila tabasamu la upande mmoja. Wakati wa keki Chepngeno alimtafuta kati ya wageni.

"Nimeshafikiria," akasema, akampa kipande mkononi. "Nimekusamehe."

Bethwel alikwenda kwa Mbuthia mwishoni mwa mwaka. Hakwenda peke yake. Alikuja na Jerusa, na Benard, na Janeffer, na wazee wengine, wote wamevaa makoti ingawa kulikuwa na jua. Upande wa Mbuthia kulikuwa na rafiki yake Muriuki, mfanyabiashara mwenzake, aliyechaguliwa kuwa msemaji kwa sababu anajua kuzungusha maneno. Walizunguka sana. Walizungumza juu ya majani chai, juu ya barabara, juu ya kondoo wa kike aliyeonekana akipotelea maeneo hayo, na kila mtu alijua anayesemwa ni Nyathira. Mbuthia alijaribu kuwa na uso mgumu, na kila mara ulimponyoka.

Muriuki alimimina soda kwenye glasi, kwa kuwa wote walikuwa watu wa kanisa, akamwita Nyathira mbele.

"Hawa watu wameleta kinywaji. Sisi tuna kiu, lakini hatuwezi kunywa bila wewe. Tunywe ama tumwage?"

Chumba kizima kikamgeukia. Nyathira alimtazama Bethwel. Alikuwa amekaa pembeni ya mama yake, mikono katikati ya magoti, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Alimwacha akae hivyo. Alimwacha mpaka Janeffer akaanza kujigeuza kwenye kiti, na Jerusa akainamisha macho.

"Kunyweni," akasema. "Lakini sirudi huko mlimani leo. Nitarudi nikitoka kanisani."

"Umesikia, Bethwel?" Muriuki akauliza.

"Nimesikia."

Wakanywa, wakashangilia, chakula kikaletwa. Nyathira aliketi kati ya wanawake wa nyumbani kwa Bethwel, kwa sababu Jerusa alimvuta mkono na kumketisha hapo. Benard, aliyekuwa mtu wa maneno mengi akishiba, alisimulia kwamba alipita Sigor wiki ile, na kwamba Chepngeno ni mjamzito, na Seth anatembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Macho ya Nyathira yalikwenda kwa Bethwel kabla yeye mwenyewe hajayaruhusu. Yalipekua uso wake wote, kipaji, mdomo, kope. Bethwel alikuwa akimkatia Tabby nyama. Aliinua kichwa, akakuta anatazamwa, akajua kwa nini. Uso wake uliwiva kidogo. Hakuhamisha macho.

"Kula," akamwambia polepole, kwa Kigikuyu kibovu alichokuwa amejifunza njiani, na wanawake wakaangua kicheko.

Nyathira akavuta sahani yake.